Kipupwe na Pichi za Georgia

Mpichi hauzai bila baridi. Hata ukipewa udongo mzuri, maji, mbolea na jua tele, usipopitia mamia ya saa za baridi kati ya vuli na majira ya kuchipua, mwaka huo hutoa matunda haba au hautoi kabisa. Katika jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, tunda hili huchorwa hadi kwenye vibao vya namba za magari, na jimbo lenyewe huitwa Jimbo la Pichi. Huko biashara nzima ilisimama juu ya baridi hiyo kwa zaidi ya nusu karne kabla ya mtu yeyote kuanza kuihesabu. Habari za pichi za Georgia husimuliwa kwa kawaida kama habari za jua: joto la Julai, vumbi jekundu la barabarani, makasha ya matunda yaliyoiva kwenye stesheni za reli. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yameacha nje miezi iliyoamua kila kitu, Desemba na Januari.

Matumba ya maua ya mwaka ujao huanza kuumbika mtini punde tu matunda ya mwaka huu yanapomalizika kuvunwa. Siku zikianza kufupika na usiku kuwa wa baridi, mti hupukutisha majani na kuingia katika usingizi. Usingizi huo una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, tumba limefungwa kutoka ndani: hata ikitokea wiki nzima ya joto mnamo Desemba, halifunguki. Kinachovunja kifungo hicho ni baridi yenyewe, tena baridi ya kiasi, hasa ile ya kati ya nyuzi 2 na 9 za Selsiasi. Baridi ya kugandisha haisaidii sana, na joto la mchana linalopita nyuzi 16 hivi hubatilisha sehemu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Mti ukishatosheka na baridi huingia hatua ya pili, ambapo bado haujachanua lakini uko tayari, na siku za joto zitakazofuata ndizo zitakazoufungua.

Kwa mti wenye asili ya China, nchi ya vipupwe vya kweli, utaratibu huo una faida iliyo wazi. Mti usingekuwa nao, joto la wiki moja katikati ya kipupwe lingeufanya uchanue, kisha baridi ingerudi na kuua maua yote. Mahitaji ya aina hii yako katika jamii yote ya matunda yenye kokwa moja ngumu: pichi, plamu, aprikoti na cheri, kila moja kwa kiasi chake, na ndani ya tunda moja kila aina kwa kiasi chake. Kipupwe kikiwa kifupi, dalili huonekana mtini kwa mpangilio unaojulikana. Matumba mengine hudondoka kabla ya kufunguka. Maua yanayotokea huwa machache na hayatokei pamoja, hivi kwamba tawi moja huwa na ua lililonyauka, ua lililo wazi na tumba lililofumba. Majani huchelewa, na tunda changa hukosa chakula kutoka kwenye majani hayo. Pichi zinazofika mavunoni mara nyingi huwa ndogo, zenye ncha kali, na huiva kwa nyakati tofauti, jambo linalomlazimu mkulima kupitisha wavunaji shambani mara nyingi zaidi kwa mazao kidogo zaidi.

Pichi ilifika Amerika Kaskazini na Wahispania katika karne ya 16. Kutoka China ilikuwa imepita Uajemi, ambako Warumi walidhani ndiko kwao, ndiyo maana jina lake la kisayansi, Prunus persica, hadi leo linaitaja Uajemi. Wahispania walianzisha mji wa St. Augustine huko Florida mwaka 1565, na misheni zao zilipanda mbegu kwenye visiwa na pwani ya eneo ambalo sasa ni Georgia. Kutoka hapo tunda liliwatangulia Wazungu kuingia bara. Wenyeji wa asili walilipokea, wakalipanda kandokando ya vijiji na mashamba yao ya mahindi, wakakausha nyama yake na kubadilishana mbegu. Waakiolojia wamekuta kokwa za pichi katika vijiji vya ndani ambavyo Wazungu walikuwa bado hawajavikalia. Walowezi wa Kiingereza waliokuja baadaye waliikuta mipichi mingi mno hata baadhi yao wakadhani ni mti wa asili wa nchi ile.

Ukanda ambao ungekuja kuwa kitovu cha biashara, kati ya mto Flint na mto Ocmulgee, ulikuwa nchi ya Wamuskogi. Waliutoa mwaka 1821 katika mkataba wa Indian Springs, chini ya shinikizo la serikali iliyokwisha kuamua kuupata, na katika miaka ya 1830 waliosalia walifukuzwa kupelekwa magharibi ya mto Mississippi. Ardhi iligawiwa walowezi kwa bahati nasibu. Wenye mali waliingia na watumwa Waafrika na kulima pamba. Pichi ilikuwepo lakini haikuwa zao la fedha: miti iliota kutokana na kokwa, kila mmoja na ladha yake, na sehemu kubwa ya matunda ilikuwa chakula cha nguruwe au ilichachushwa na kukenekwa kuwa pombe kali.

Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kulikuwa na majaribio machache ya kuiuza mbali. Raphael Moses, mwanasheria na mwenye shamba la watumwa karibu na Columbus, anatajwa kuwa wa kwanza kusafirisha pichi za Georgia hadi New York, mwanzoni mwa miaka ya 1850, akizifunga kwenye vikapu vya shampeni. Kilichofanya majaribio hayo yabaki madogo ni tunda lenyewe. Pichi za wakati ule zililainika upesi mno kuweza kustahimili safari.

Mabadiliko yalitoka Marshallville, mji mdogo kusini-magharibi ya Macon. Samuel Henry Rumph, kijana wa familia iliyokuwa na ardhi na iliyokuwa ikitafuta zao baada ya vita na baada ya utumwa kukomeshwa, alipanda mbegu zilizotokana na Chinese Cling, aina iliyoletwa Marekani kutoka China kupitia Uingereza katikati ya karne ya 19. Mche mmoja ulizaa tunda kubwa, la njano, lenye shavu jekundu, lenye nyama iliyoachana na kokwa kwa urahisi, na lenye ugumu wa kutosha kusafiri. Mwaka 1875 Rumph alilipa jina la mkewe, Clara Elberta. Aliuza miche iliyopandikizwa macho ya Elberta kwa yeyote aliyetaka, na akabuni kasha la usafiri lenye nafasi ya barafu, ambalo hakulichukulia hataza. Lewis Rumph, wa ukoo huohuo, akatoa aina nyingine iliyopendwa sana, Belle of Georgia, yenye nyama nyeupe. Ni nadra familia moja ya wakulima kubadilisha namna hii chakula cha taifa zima, na Rumph anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa.

Elberta ilikutana na reli. Katika miaka ya 1880 mabehewa yenye barafu yalianza kubeba matunda kutoka katikati ya Georgia hadi Atlanta, Baltimore, Philadelphia na New York, na kila stesheni njiani ikawa na mahali pa kuongezea barafu. Mkulima alijua gharama ya kila pauni ya barafu iliyolinda matunda yake mnamo Julai. Baridi iliyoyafanya matunda hayo yawepo haikuonekana katika hesabu zake. Elberta inahitaji takribani saa 850 za baridi, na kipupwe cha katikati ya Georgia kilikuwa kikizitoa na kuzidisha karibu kila mwaka. Hapo palikuwa na bahati ya jiografia ambayo haikuzungumzwa. Kaskazini zaidi, baridi ya kipupwe iliweza kuua matumba au hata mti, na matunda yalichelewa kuiva. Kusini zaidi, karibu na Ghuba ya Mexico, joto lilianza mapema lakini mti haukulala vya kutosha. Ukanda wa Marshallville na mji jirani wa Fort Valley ulikaa kwenye mpaka wa hali hizo mbili, ukapata usingizi wa kutosha na bado ukayawahi masoko ya kaskazini wiki kadhaa kabla ya mashamba ya huko. Faida yote ilitokana na kukaa karibu sana na ukingo.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo haikuwa ya hali ya hewa. Pichi ilivunwa Juni na Julai, wakati pamba ilipokuwa imekwisha kupaliliwa na bado haijaanza kuvunwa. Wenye mashamba waliweza kutumia nguvu zilezile za Wamarekani Weusi ambao, baada ya ukombozi, walikuwa wakilima pamba kwa kugawana mavuno na kuzama katika madeni. Magazeti ya wakati ule yalipenda kuisifu pichi kama zao la kistaarabu, lililokuja kuisafisha Georgia na uchafu wa uchumi wa pamba. Ukweli ni kwamba zao jipya lilisimama juu ya mabega ya zao la zamani, na wavunaji walilipwa kidogo kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Fort Valley yenyewe ilikuwa na shule ya Wamarekani Weusi, iliyoanzishwa mwaka 1895 na ambayo leo ni chuo kikuu cha serikali, lakini wanafunzi wake wangeweza kutembea kwa saa nyingi katikati ya mashamba ya pichi bila kukuta moja lililo mali ya watu wao.

Upanuzi ulikuwa wa kasi, na haukuwa wa mstari ulionyooka. Mdudu wa magamba aitwaye San Jose aliua miti mingi kuanzia mwanzo wa karne ya 20, na kulikuwa na miaka ya jalidi. Lakini kufikia miaka ya 1920, wakati fukusi wa pamba alipokuwa amekwisha kuiangusha pamba, pichi ilionekana kuwa mkombozi. Kati ya 1922 na 1926 Fort Valley iliandaa sherehe ya maua ya mipichi kila Machi, yenye maandamano, malkia na nyama ya kuchoma, na wageni walifika kwa maelfu kwa treni na magari. Mwaka 1924 jimbo likaunda kaunti mpya kutokana na sehemu za kaunti za Houston na Macon, ikaitwa Peach. Ni ya mwisho kuundwa kati ya kaunti 159 za Georgia. Mavuno yalifika kilele mwaka 1928, karibu busheli milioni 8, takribani tani 170,000. Kiasi hicho hakijafikiwa tena.

Onyo la wazi lilikuja miaka michache baadaye. Kipupwe cha 1931 hadi 1932 kilikuwa cha joto lisilo la kawaida mashariki mwa Marekani, na majira ya kuchipua yalipofika mipichi ya kusini ilichelewa kuamka, matawi yakabaki uchi wakati yalipopaswa kuwa na majani. Kwamba mimea ya nchi za baridi inahitaji baridi ili kuamka lilikuwa jambo lililokwisha kuandikwa: Frederick Coville wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alilionyesha mwaka 1920 kwa majaribio ya mimea iliyowekwa ndani ya nyumba yenye joto. Sasa swali likawa la shamba hasa. Ni kiasi gani, na kwa aina gani?

Jibu lilitafutwa Fort Valley kwenyewe, katika kituo cha utafiti cha wizara hiyo. Watafiti walichagua kipimo chepesi, yaani idadi ya saa ambazo joto la hewa liko kwenye nyuzi 45 za Farenhaiti, takribani 7 za Selsiasi, au chini yake. Mwaka 1950 John Weinberger alichapisha orodha ya mahitaji ya aina nyingi za pichi, baadhi zikitosheka na saa mia kadhaa na nyingine zikidai zaidi ya 1,000. Kwa mara ya kwanza mkulima aliweza kulinganisha mti anaotaka kupanda na kipupwe anachokitarajia. Kipimo hicho cha saa za baridi kimeenea duniani kote, na bado ndicho kinachoandikwa kwenye vitambulisho vya miche vitaluni.

Kina kasoro zake. Kinahesabu saa ya nyuzi 1 sawa na saa ya nyuzi 7, na hakijali joto linalokuja katikati. Mwaka 1974 watafiti wa Utah walitoa mfumo uliozipa saa uzito tofauti na kupunguza alama kwa saa za joto. Mfumo ulioeleza vizuri zaidi nchi za vipupwe vya vuguvugu ulichapishwa mwaka 1987 na Fishman, Erez na Couvillon, ushirikiano kati ya Israel na Georgia. Kwa mujibu wake, baridi hujikusanya kwanza katika hali inayoweza kufutwa. Ikifikia kiwango fulani hufungwa na haiondoki tena, mithili ya sarafu iliyokwisha kuangukia ndani ya kibubu. Joto la mchana huweza kuinyakua sarafu iliyo bado mkononi, lakini si ile iliyomo ndani. Baadaye wanajenetiki, wakichunguza mpichi wa kutoka Mexico ambao hauingii usingizini hata siku zikifupika, walitambua kundi la jeni sita zilizopangana kwenye kromosomu moja ambazo zina mkono katika kufunga na kufungua matumba. Baridi ya kipupwe huzinyamazisha baadhi yake hatua kwa hatua.

Wakati elimu hiyo ilipokuwa ikikua, biashara ilikuwa ikipungua. Baada ya 1928 bei zilianguka, California ikapanua mashamba yake ya umwagiliaji, wafanyakazi Weusi wakahamia miji ya kaskazini kwa wingi, na miti ikaanza kufa mapema kutokana na ugonjwa wa mashamba yaliyopandwa pichi juu ya pichi. Mashamba madogo yalitoweka, yakabaki machache ya familia kubwa, zenye mabanda yao ya kuchambulia na kufungashia. South Carolina ikaipita Georgia kwa wingi wa mavuno, na California ikawaacha wote mbali. Jina la Jimbo la Pichi halikupungua nguvu, na mwaka 1995 bunge la Georgia likaifanya pichi kuwa tunda rasmi la jimbo, ingawa tayari lilikuwa sehemu ndogo sana ya mapato ya kilimo chake.

Jambo moja la miongo hiyo lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Kusini-mashariki mwa Marekani hakukufuata mkondo wa joto la dunia katikati ya karne ya 20. Wastani wa joto ulishuka badala ya kupanda, na vipupwe vya miaka ya 1960 na 1970 vilikuwa vikali. Huo ndio wakati ambapo aina nyingi zilizochukua nafasi ya Elberta zilichaguliwa na kuenea, nyingi zikihitaji saa 700 hadi 1,000. Watafiti wa kituo cha Fort Valley, na baadaye cha Byron kilicho kaunti hiyohiyo, walifanya walichopaswa kufanya: walichagua miti iliyolala kwa muda mrefu na kuchelewa kuchanua, kwa sababu adui aliyejulikana alikuwa jalidi ya Machi. Jalidi ya mwishoni mwa Machi 1955 ilikuwa imefyeka karibu mavuno yote ya kusini, na ile ya 1996 ingekuja kufanya hivyo tena. Mti unaochelewa kuamka ulikuwa mti wa busara. Busara hiyo ilipimwa kwa vipupwe vya zama zake.

Tangu miaka ya 1980 joto limepanda, na limepanda zaidi wakati wa usiku, saa zilezile ambazo mti huzitegemea. Katika ukanda wa Fort Valley wakulima hufuatilia hesabu ya vituo vya hali ya hewa vya Chuo Kikuu cha Georgia kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Februari. Miaka ya zamani hesabu hiyo ilikuwa ya kujifariji, kwani karibu kila mara ilipita 1,000. Miaka ya karibuni imekuwa ya wasiwasi. Kipupwe cha 2016 hadi 2017 kilikuwa cha joto hivi kwamba aina nyingi hazikufikia kiasi chake, maua yakaja machache na bila mpangilio, na zile zilizokuwa zimekwisha kuchanua zikakutwa na jalidi ya katikati ya Machi. Georgia ilipoteza takribani asilimia 80 ya mavuno yake. Mwaka 2023 mfuatano ulikuwa tofauti kidogo. Februari yenye joto kupita kawaida iliifungua miti mapema, kisha Machi ikaleta usiku kadhaa wa kuganda. Safari hii hasara ilipita asilimia 90, na Wizara ya Kilimo ikatangaza hali ya maafa katika kaunti nyingi za jimbo.

Matukio hayo mawili yanaonyesha mtego wenyewe ulivyo. Mpichi uliolala huvumilia nyuzi 15 chini ya sifuri bila kudhurika sana. Ukiwa umechanua kabisa, nyuzi 3 hivi chini ya sifuri huua takribani moja ya kumi ya maua, na kati ya nyuzi 4 na 5 chini ya sifuri huua karibu yote. Kupanda kwa wastani wa joto hakuondoi usiku mmoja wa jalidi mnamo Machi, kwa sababu hewa ya kaskazini bado hushuka. Kinachobadilika ni hali ambayo jalidi hiyo inaukuta mti. Mkulima akibaki na aina zinazohitaji saa 900, kipupwe kifupi kitazinyima usingizi. Akihamia aina zinazohitaji saa 400, mwaka wenye baridi ya kawaida utazitosheleza mapema Januari, na siku za joto za Februari zitazifungua wiki nyingi kabla ya hatari kupita. Kosa la upande mmoja hulipiwa kwa maua yasiyotokea, na la upande wa pili kwa maua yaliyoungua.

Aina zinazotosheka na baridi kidogo zipo, na historia yake ilianza kwa nia nyingine. Katika miaka ya 1950 Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida alianza kuchanganya pichi za sokoni na pichi za asili ya kusini mwa China na Okinawa ili Florida nayo iweze kuuza matunda Aprili na Mei. Wayne Sherman aliiendeleza kazi hiyo, na miongoni mwa matunda yake ni Flordaprince, inayohitaji takribani saa 150 tu. Kwa aina za namna hiyo pichi imeweza kulimwa katika nchi za joto zenye milima, na msomaji anayezifahamu pichi na plamu za Lushoto au Limuru ataelewa kwa nini miti hiyo huzaa mahali pasipo na kipupwe: inatosheka na ubaridi wa mwinuko, na mahitaji yake ni madogo tangu mbegu. Huko Attapulgus, kusini kabisa mwa Georgia, vyuo vikuu vya Florida na Georgia pamoja na Wizara ya Kilimo vimefanya kazi kwa pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutafuta aina za katikati. Kundi la aina zenye majina yanayoanza na Gulf limetoka hapo, nyingi zikihitaji kati ya saa 350 na 550. Aina hizo ziliundwa kwa ajili ya ukanda wa Ghuba, na mahitaji yake sasa yanasomwa kwa makini Fort Valley.

Tatizo haliko Georgia peke yake. Katika Bonde Kuu la California, cheri, plamu na pichi zilitegemea ukungu mzito wa kipupwe uliofunika bonde na kuyakinga matumba na jua la mchana, hivyo tumba lilibaki na baridi hata hewa ilipopata joto kidogo. Siku za ukungu huo zimepungua kwa karibu nusu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na cheri, ambayo haivumilii kipupwe kifupi, imekuwa ya kwanza kuonyesha athari.

Mbinu za kukabiliana na hali hii ni nyingi, na kila moja ina kikomo. Mafeni makubwa juu ya nguzo huvuta hewa yenye joto kutoka juu na kuishusha kwenye maua, lakini hufaa usiku mtulivu tu, si usiku wa upepo wa kaskazini. Wengine hunyunyizia maji miti ili barafu inayojijenga juu ya maua itoe joto la kugandika kwake na kuyazuia yasishuke zaidi, kazi inayohitaji maji mengi na mkono usiochoka hadi asubuhi. Kuna kemikali za kuamsha matumba, hasa haidrojeni sianamidi, zinazotumika sana katika nchi za vipupwe vya joto. Ni sumu kali kwa anayezishika, na zikipigwa wakati usiofaa huyaua matumba yaliyokusudiwa kufunguliwa. Zinaweza kufidia upungufu mdogo wa baridi, si mkubwa.

Zaidi ya yote, wakulima wa Georgia wanagawanya hatari. Shamba moja kubwa leo huwa na aina nyingi zenye mahitaji tofauti, zikipangwa kuiva mfululizo kutoka katikati ya Mei hadi Agosti, na aina zinazowahi kuchanua hupewa miinuko ambako hewa baridi haituami. Gharama haziwezi kugawanywa kwa urahisi hivyo. Wavunaji wengi sasa ni Wamexico wanaoingia kwa vibali vya msimu, na mwenye shamba huomba vibali hivyo na kuandaa makazi yao wiki nyingi kabla ya mavuno, wakati ambapo hatari ya jalidi bado haijapita. Wafanyakazi hao pia hupanga mwaka wao kwa pichi ya Georgia. Mwaka wenye hasara ya asilimia 90 huwafuata hadi kwenye nyumba zao.

Sehemu ya ardhi imekwenda kwa mazao mengine. Takwimu za mapato ya kilimo ya Georgia sasa huiweka beri ya buluu juu ya pichi kwa thamani, na kusini mwa jimbo, ambako jalidi ilizuia michungwa kwa vizazi vingi, kuna mashamba ya biashara ya chenza za satsuma. Mipichi inaendelea kupandwa. Mche hukaa miaka mitatu kabla ya mavuno ya maana, na shamba hudumu miaka 12 hadi 15 kabla ya kung'olewa, hivyo anayechagua miche leo anaichagulia vipupwe vya mwishoni mwa miaka ya 2030. Katika vitalu vya Byron na Attapulgus watafiti wanatafuta mti wa mahitaji mawili ambayo kwa asili hayaendi pamoja: uwe unatosheka na baridi kidogo, kisha baada ya kutosheka udai joto jingi kabla ya kuchanua, ili Februari ya vuguvugu isiuondoe usingizini mapema.